Samaki ya Mzee Kioko na Dawa ya Maji

Fedha, Nairobi
Jumapili asubuhi

Dada Nasimiyu,

Nakusalimu wewe na wote hapo nyumbani. Mguu yako iko aje? Mama analala ama bado anakohoa? Na Nekesa wangu, nasikia amekupita urefu. Mimi mwili iko sawa. Roho ndiyo haikai. Nikiandika hii barua nimeinuka mara nne na bado sijafika mbali.

Naandika kwa sababu kwa simu mimi huwa bubu, unanijua. Barasa anakuja huko kesho, ndiye ataleta. Umeniuliza mara tatu nitamchukua mtoto lini, na mara tatu nimesema network ni mbaya. Network haikuwa mbaya. Ulisema mwanaume bila bibi atalea msichana aje, na mimi sikuwa na jibu. Leo niko nayo. Lakini lazima nianze na samaki.

Kuna mzee Mkamba hapa anaitwa Kioko. Aliendesha lori ya Mombasa miaka mingi, akastaafu, na akakuja na bahari kwa nyumba. Si mchezo. Ni tangi ya kioo, ndefu kama kitanda. Tulikuwa wanaume wanne kuipandisha ghorofa ya kwanza. Wenzangu walilipwa wakaenda. Mimi mzee akaniuliza, "Unaweza kubeba maji?" Nikamwambia hiyo tu ndiyo najua.

Sisi samaki tunajua ya sufuria. Hizi haziliwi. Ziko na mashine ya kusukuma maji, ingine ya kupasha joto, ingine inatoa uchafu na povu kama ya sabuni. Taa ni ya bluu, ukiingia unafikiri ni baa. Hata chumvi si ya jikoni. Inakuja kwa ndoo, unachanganya na maji kwa pipa ya bluu, halafu unapima na kamashine kadogo unachungulia kama darubini. Kila wiki unatoa maji ya zamani, unaweka mpya. Nilicheka mwezi mzima. Halafu nikazoea. Kulikuwa na samaki mbili za rangi ya chungwa na mistari nyeupe, kubwa na ndogo. Zinakaa pamoja kwa kitu kama ua, haziachani. Nilikuwa naziangalia nikila chai.

Mwezi jana kaka ya mzee akafa, akaenda kwao Makueni kwa matanga. Bibi yake anakaa huko shamba, kwa hivyo nyumba ilibaki na mimi. Akaniambia, "Wanjala, angalia hii tangi wiki mbili. Ukiweza, chumba ya nyuma ni yako, uje na mtoto." Shule unaiona ukiwa kwa balcony. Mimi nikaanza kuhesabu siku.

Wiki ya pili mfereji ukakauka. Siku tatu, tone hakuna. Na siku ya kubadilisha maji ilikuwa imefika. Nikanunua mitungi nne kwa mtu wa mkokoteni. Hiyo maji, dada, ilikuwa kama chai ya rangi. Na unajua tangu tumbo imchukue Rose, mama ya Nekesa, maji haipiti kwa mkono yangu bila dawa. Ile ya kutia kwa mtungi kuua kipindupindu. Hata Dandora nilikopanga majirani walikuwa wananicheka, eti natia dawa mpaka maji ya kuoga. Ya tangi tu nilikuwa naiacha, maana ilikuwa ya mfereji, lakini hii nikatia. Na kwa vile ilikuwa chafu, nikatia mara mbili. Nikachanganya chumvi, nikapima vizuri, nikamwaga kwa tangi. Niliona nimefanya kazi safi.

Kabla chai ipoe samaki zilikuwa juu zinatafuta hewa. Ile kubwa imelala kwa mbavu.

Nilikimbia chini kwa Otieno, askari wa geti. Nikamwambia yote. Akasema, "Buda, wewe umewatilia dawa ya choo. Sasa sikiza. Sema stima ilipotea. Hapa Nairobi kila mtu anaua na stima."

Nikapigia mzee. Nikasema, "Mzee, stima ilipotea, samaki zinahema."

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Basi usiguse kitu. Washa ile pampu ndogo ya hewa. Zitarudi tu."

Nikawasha. Nikakaa. Nikasimama. Nikazunguka meza kama kuku imefungwa mguu. Hazikurudi. Ile kubwa ikaacha kupiga mapezi, na ile ndogo ikawa inaisukuma na mdomo, inaisukuma, kama mtu anaamsha mwingine. Dada, hiyo kitu nimewahi kuifanya. Unajua wapi.

Nikapiga tena. "Mzee, nilikudanganya. Stima iko. Ni mimi nilitia dawa ya maji kwa mitungi."

Nikasikia watu wa matanga wakiimba huko nyuma.

"Ngapi?"

"Mara mbili."

"Chini ya tangi kuna chupa ndogo, kifuniko nyeusi. Hiyo inaua dawa. Mimina yote. Sasa hivi. Mbona hukusema mara ya kwanza?"

Nikamimina. Zingine zikaanza kushuka chini moja moja, na ile ndogo pia. Ile kubwa ilikuwa imeenda. Si dawa peke yake ilimuua. Ni ile simu ya kwanza.

Mzee alirudi Ijumaa. Mimi nguo zangu nilikuwa nimefunga kwa mfuko tayari, ziko mlangoni. Aliona mfuko, akapita. Akaangalia tangi sana. Akasema, "Leta hiyo dawa yako." Nikaleta. Akachukua kalamu ile nono, akaandika kwa pipa ya bluu HAPANA DAWA. Halafu chupa yangu akaipeleka jikoni, akaiweka kando ya maji ya kunywa. "Hapa ndipo mahali yake," akasema. "Huko kwetu kipindupindu kilichukua mama yangu."

Nikamuuliza kama atanunua mama mwingine wa kukaa na ile ndogo. Maana nilijua ile kubwa ndiyo bibi.

"Hapana. Hizi hazifanyi hivyo. Bibi akifa, bwana anakua. Anakua, mpaka anageuka mama."

"Mzee, usinitanie."

"Sikutanii. Ngoja miezi, utaona."

Nilicheka. Halafu nikaenda nje kwa balcony kidogo.

Niliporudi aliniuliza, "Huo mfuko unaenda wapi? Chumba ya nyuma iko upande ule. Lakini siku ingine ukinidanganya, usingoje nirudi."

Basi jibu ni hii, dada. Shule zikifungwa, mlete Nekesa. Nywele siwezi kusuka. Mama anayeuza sukuma wiki hapa chini amesema atanionyesha, na akaongeza atanicheka kwanza. Ile mambo ya wasichana, wewe mwambie kabla atoke huko, na uniambie mimi pia, hata kama tutaona aibu. Nikikosea nitasema siku hiyo hiyo. Hiyo nimejifunza.

Kila asubuhi naenda kuangalia ile samaki. Bado ni ndogo. Lakini inakula, na lile ua imelishika peke yake, inafukuza hata mkono yangu.

Nisalimie Mama, umwambie asilale karibu na moshi. Nisalimie shemeji, bwana yako, mwambie lile jembe yake sijasahau. Na mwalimu wa Nekesa pia, mwambie aandike barua ya uhamisho.

Mwambie Nekesa hapa kuna pipa mbili. Ya bluu si ya kunywa. Ya kunywa nitakuwa nimetia dawa mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Wanjala