Ndiyo Yangu Haikusikika

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha mgongo mrefu, na kwamba kifua kimekuachia walau nusu ya usiku ukalala. Msalimie sana wifi. Mwambie ujumbe wake nimeupata, na hasira zake nimezipokea kwa mikono miwili, maana ni hasira za mtu anayenipenda. Watoto nao waambie shangazi yao anawakumbuka hata kwa zile kelele zao. Mimi huku miguu na mikono ni mizima. Hayo mengine nitakueleza, ila naomba uniache niyaeleze kwa mpangilio wangu, kwa sababu nikianza na la mwisho hutasoma ya mwanzo.

Wifi ameniandikia kwamba umenuna. Anasema Jumapili zote hizi simu yangu haiingii, na wewe ukiulizwa unajibu kwamba ubunge umenipanda kichwani, sasa naongea na mawaziri tu. Kaka, nilicheka, halafu nikalia. Una haki ya kununa. Lakini kilichonizuia kupiga si kiburi.

Unajua mwenyewe nilivyoingia kwenye siasa. Sikuwa na fedha wala jina. Nilikuwa na sauti tu. Miaka yote ile redioni, nikisoma matangazo ya vifo na salamu za wagonjwa, watu wa jimbo letu walinizoea kama wanavyozoea mlango wa jirani. Nilipokwenda kuomba kura, akina mama walitoka jikoni na mikono ina unga, wakasema kumbe ndiye huyu, tulidhani ni mnene. Nikachaguliwa. Na tangu siku ile sikuacha kuzungumza nao: kila wiki redioni, kila mwezi uwanjani pale nyuma ya shule. Nilijiambia mbunge asiyesikika jimboni kwake hana tofauti na kiti chake.

Na kila nilipozungumza, nilizungumzia vumbi. Wewe unajua kwa nini. Nilikuona ukirudi kutoka machimbo ya mawe ukiwa mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga, ukikohoa na kusema ni mafua. Mafua gani yanakaa miaka? Niliwaona wenzako mliokuwa mkiponda mawe pamoja, wanaume wa kubeba gunia kwa mkono mmoja, wakianza kupumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Majina yao niliyasoma mwenyewe redioni, na familia zao zote ziliandika "baada ya kuugua kifua". Kwa hiyo nikaandika muswada. Mwenye machimbo alazimike kumwagia mawe maji kabla ya kuyaponda, atoe barakoa za maana badala ya vitambaa, na wafanyakazi wapimwe vifua kila mwaka kwa gharama yake. Hayo tu. Hakuna aliyeombwa kutoa figo.

Watu wetu hawakunielewa wote. Wao walitaka lami. Yule fundi wa pancha pale njia panda, ambaye tunamwita Bwana Swali kwa sababu mkutano haufungwi kabla hajauliza, alisimama kila mwezi kuniuliza lami iko wapi. Nilimtania mara moja kwamba siku lami ikifika yeye ndiye atakayekufa njaa, maana mashimo ndiyo yanayomlisha. Uwanja mzima ulicheka, naye akacheka, kisha akasema kwa upole kwamba mke wake alijifungulia njiani, gari likiwa limekwama, na mtoto hakupona. Tangu siku hiyo sikumtania tena. Niliwaahidi kwamba nitapigania vyote viwili, vumbi kwanza, lami baadaye.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa kikao hiki, mnadhimu wa chama chetu, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha tunapiga kura kama chama kinavyotaka, aliniita ofisini kwake. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari zako, hata ugonjwa wako aliujua. Kisha akasema barabara yetu inaweza kuingia kwenye bajeti ya mwaka huu, yote, mpaka njia panda. Nikauliza kwa sharti gani. Akasema hakuna sharti, ila wenye machimbo wanalalamika, na ingependeza muswada wangu upumzike kidogo. Alilitamka hilo neno kupumzika kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Nikakataa. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Nilitoka pale nikijiona mkubwa, kaka, sikufichi. Nilitembea kwenye ule ukumbi wenye zulia jekundu nikidhani picha yangu inastahili kutundikwa ukutani. Na sikumwambia mtu jimboni. Wiki ile redioni nilizungumzia barakoa. Barabara haikuwa yangu, lakini niliikataa kama yangu.

Wakati huo sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Nilisema ni mikutano. Nikanywa asali, nikanywa tangawizi, nikafunga kitambaa shingoni. Katibu wangu alinisihi niende hospitali, nami nikamjibu kila mara kwamba nikishawasilisha muswada nitakwenda. Muswada ulipopangiwa siku, tayari nilikuwa naongea kama mlango wenye kutu.

Asubuhi ile niliwasilisha. Nilisogeza midomo mpaka kwenye kipaza sauti, nikasoma taratibu, na mbunge mmoja wa nyuma akasema kwa sauti kwamba Mheshimiwa amelala na redio yake ndani ya friji. Wakacheka. Nami nilitabasamu, nikaendelea kusoma. Nilieleza habari ya mtu aliyeponda mawe tangu ujana na sasa anashindwa kupuliza moto wa jikoni. Hapo hawakucheka. Kaka, nakuapia, kulikuwa na dakika pale ambapo ukumbi mzima ulikuwa mkononi mwangu, kama enzi zile za redio.

Mchana wakachangia, wengi kwa kuunga mkono. Lakini ilipokaribia jioni niliona viti vya upande wetu vinapungua. Mnadhimu alikuwa anapita kimya kimya, anamgusa huyu bega, anamnong'oneza yule, nao wanatoka. Mbunge wa jimbo jirani, ambaye ni wa chama kingine lakini tumeshikana kwenye jambo hili, alikimbilia nje kuwarudisha aliowaweza. Wakati huohuo Spika akalihoji Bunge.

Unajua kwetu kura kama hizo hupigwa kwa mdomo. Spika aliuliza wanaoafiki waseme ndiyo. Nikavuta pumzi, nikasema ndiyo. Haikutoka, kaka. Nilihisi hewa inapita, lakini hakuna sauti. Nikajaribu tena. Karibu yangu watu wachache walisema ndiyo, sauti nyembamba zilizotawanyika. Kisha akauliza wasioafiki, na wale waliobaki kuupinga wakaunguruma kwa pamoja, "Siyo!". Spika akasema wasioafiki wameshinda.

Kanuni inasema mwenye shaka asimame papo hapo, aombe kura zihesabiwe. Nikasimama. Taa ya kipaza sauti changu ikawaka. Ukumbi mzima ulinigeukia, nami nikafungua mdomo kama samaki. Spika aliniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniumiza kuliko kicheko cha asubuhi. Akasema, "Mheshimiwa, pole na mafua, tafadhali kaa." Nikapunga mikono. Nikaanza kuandika kwenye karatasi, mhudumu akaichukua kupeleka mezani. Kabla hajafika, nyundo ya Spika ilikuwa imegongwa na waziri mmoja anasimama kuzungumzia samaki wa kufugwa. Jirani yangu yule aliingia akifuatwa na wabunge aliowarudisha, wote wanahema, akaniona nimesimama, akaelewa. Akaja kunishika kiwiko, akanikalisha mwenyewe.

Kwa hiyo muswada umeanguka, na barabara haipo. Nilirudi jimboni nikiwa nimepoteza vyote viwili.

Niliitisha mkutano kama kawaida. Katibu wangu alishauri niahirishe, lakini watu walikuwa wamesikia tetesi na nilitaka wayasikie kwangu. Niliandika kila kitu: muswada, chai ya mnadhimu, na kwamba niliikataa barabara yao bila kuwauliza. Uwanjani nikapanda jukwaani, nikaonyesha koo langu, nikamnyooshea karatasi Bwana Swali. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kunizomea.

Alipanda akijifuta grisi kwenye suruali. Akasoma vizuri, kwa ile sauti yake ya kuuliza, habari za muswada na kura. Alipofika kwenye barabara akanyamaza. Nilimwona anaisoma ile mistari kimoyomoyo, midomo inacheza. Watu wakaanza kupiga kelele asome. Akaisoma. Baadhi wakainuka na viti vyao wakaondoka. Mzee mmoja alitema mate karibu na gari langu. Mjane wa rafiki yako, yule mliyekuwa mkishika naye nyundo moja, akasema kutoka chini kwamba mume wake hakufa kwa mashimo ya barabara. Mwanamke mwingine akamjibu kwamba wa kwake alikufa kwa hayo hayo mashimo. Na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mimi nilisimama katikati yao, mbunge wao, sina la kuwaambia na hata ningekuwa nalo nisingeweza kulisema.

Bwana Swali akaikunja karatasi, akanirudishia. Nilijua swali linakuja. Aliniuliza kwa sauti ya chini, mbali na kipaza sauti, "Mama, ungetuuliza, ulidhani tungesema nini?" Kisha hakungoja jibu, akashuka. Kaka, swali hilo nalala nalo na kuamka nalo. Niliogopa wangechagua lami. Ndiyo maana sikuuliza.

Sasa nimefika kule nilikokuwa naogopa kufika. Baada ya mkutano nilikwenda hospitali. Daktari wa koo ni kijana mwenye mikono baridi. Aliingiza kamera puani, akaangalia muda mrefu bila kunitazama usoni. Ni saratani, kaka. Imekaa kwenye nyuzi za sauti zenyewe. Anasema bado haijasambaa na nina nafasi nzuri ya kuishi, lakini lazima aondoe kiungo chote cha sauti. Nitapumulia tundu hapa shingoni. Sitaongea tena. Upasuaji ni Ijumaa ijayo.

Na kuna jambo moja wifi halijui, wala wewe. Jumapili iliyopita nilikupigia. Nilikuwa wodini, simu yangu imezima, nikaazima ya muuguzi. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka na mnong'ono kidogo, nikasema nikupe wewe. Ulipokea. Ukasema haloo, nani mwenzangu? Nikasema ni mimi, kaka. Ukasema haloo tena. Nilikusikia unapumua, nikasikia kile kikohozi, nikasikia wifi anauliza ni nani. Nikaendelea kusema ni mimi, ni mimi. Ukasema, "Kama huna la kusema usitusumbue watu wazima," ukakata. Nikapiga tena, hukupokea. Muuguzi aliichukua simu yake taratibu, akanifunika miguu.

Sikulaumu hata kidogo. Ungejuaje? Nakuambia ili usije ukayajua kwa mtu mwingine ukaumia peke yako.

Jirani yangu wa Bungeni ameahidi kuurudisha muswada kikao kijacho kwa jina lake. Jimbo nitaliachia. Nimeandika barua ya kujiuzulu kiti, Spika ataipata baada ya upasuaji. Wachague mtu atakayewauliza.

Ninalokuomba ni moja. Dereva aliyekuletea barua hii nimemwambia alale hapo, na kesho akulete ukiwa na nguvu ya safari. Kiti cha mbele kinalala, utajinyoosha. Njoo ukae nami siku hizi chache kabla ya Ijumaa, na nyingine chache baada yake. Wewe pumzi zako ni fupi na mimi sauti sina. Tukiunganishwa labda tutapata mtu mmoja wa kufaa. Zungumza wewe, kaka, taratibu, upumzike unapochoka. Niambie chochote, hata bei ya mkaa. Masikio yangu hayana ugonjwa wowote.

Msalimie wifi tena, na majirani wote wanaoniulizia. Watoto usiwaambie bado. Nitawaambia mwenyewe, nitajua namna. Mungu akuzidishie pumzi.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.