Nimefika Butiama kwa Baiskeli

Bweri, Musoma
17 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Rhobi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Shemeji Thadeo naye, kifua kimepoa? Najua mwezi huu huko Njombe mnalala na soksi. Mimi mzima kabisa. Magoti yale uliyokuwaga unanisugua kwa mafuta ya moto nimeshayasahau.

Tangu nistaafu uuguzi nikahamia huku, sijajuta hata siku moja. Si baridi, si joto. Jioni naendesha baiskeli yangu hadi mwaloni kwa wavuvi kununua samaki wale furu, na watu wameshanizoea: "Mpisheni nesi!"

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita mwanangu Jofrey alitoka Dar kuja kunichukua nikaishi kwake, tiketi yangu ya basi ameshakata! Akaniambia, "Mama, umevuka sitini, unakaa peke yako, halafu unaendesha baiskeli barabara ya malori. Ukianguka nani atakuokota?"

Niliumia, Rhobi. Nilikiona chumba kile cha Dar, feni na televisheni, na mimi katikati kama mzigo uliowekwa stoo.

Nikamjibu, "Jumapili mjukuu wa kaka Mugeta anabatizwa Butiama. Nitaenda kwa baiskeli. Nikipakiwa njiani, nafungasha tunaondoka wote. Nikifika mwenyewe, hiyo safari usiitaje tena." Akacheka, akakubali.

Tuliondoka alfajiri, mimi mbele, yeye nyuma kwa bodaboda. Hadi Makutano nilikwenda nikiimba. Baada ya hapo vilima vikaanza. Kimoja kilinishinda, nikashuka nikasukuma, jasho limejaa machoni. Jofrey akasogea, akasema kwa upole, "Panda tu, Mama. Hakuna atakayekucheka."

Sikufichi, nilishika kiti cha pikipiki. Mkono ulikuwa tayari pale. Ndipo nikaiwaza ile feni inazunguka, inazunguka. Nikauondoa mkono, nikasema, "Tangulieni."

Hawakufika mbali. Pikipiki ikazima, mafuta yamekwisha! Nami nikawapita kwenye mteremko, kengele naipiga kama ya kanisa.

Nilipoingia uwanjani kwa kaka, akina mama walipiga vigelegele mpaka mtoto wa ubatizo akalia. Kaka Mugeta akauliza, "Jofrey yuko wapi?" Nikasema, "Anasukuma pikipiki." Watu walicheka wakashika mbavu! Alipofika, vumbi hadi kwenye kope, alikuja moja kwa moja akanikumbatia mbele ya wote. "Mama, umenishinda." Sauti ilikuwa ya mtu aliyefurahi kushindwa.

Jana amerudi Dar peke yake. Akiwa mlangoni mwa basi alisema, "Desemba nakuletea wajukuu. Uwafundishe baiskeli." Basi likaondoka, nami nikapanda yangu kwenda nyumbani, upepo wa ziwa unanisukuma mgongoni.

Nisalimie shemeji, na wanangu Happyness na Bonifasi. Mungu awafunike kwa mkono wake, baridi isiwaguse.

Ni mimi dada yako, mwenye nyumba yake Bweri, anayekupenda mno,

Pelagia