Bingwa wa Kukunja Goti

UMOJA WA MAGOTI MAPYA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI
Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha mazoezi, nyuma ya duka la dawa

WALIOHUDHURIA
Mwalimu mstaafu – Mwenyekiti (magoti yote mawili)
Mtunza maktaba – Katibu (goti la kushoto)
Dereva wa lori – Mjumbe (goti la kulia)
Fundi cherehani, almaarufu Bingwa – Mjumbe (goti la kulia)
Mtaalamu wa viungo – Mwalikwa (magoti ya kuzaliwa)

HAKUHUDHURIA
Mweka Hazina – alitoa udhuru wa mvua. Mvua haikunyesha.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:20 asubuhi. Aliwapongeza wajumbe kwamba tangu programu ya mazoezi iwekwe kwenye simu zao, hakuna tena anayesingizia kusahau. Simu hulia, mtu huifunga kwa mkanda chini ya goti alilofanyiwa upasuaji, nayo huhesabu kila anapokunja na kumpa alama.

KUMB. NA. 2/6: KITI CHA MSHINDI
Kwa desturi ya Umoja, anayeongoza kwa alama hukalia kiti kirefu chenye mikono, na wengine huvumilia viti vya plastiki. Bingwa alikuwa amekikalia tena. Dereva alilalamika, akasema, "Huyu dada na mimi tuliacha magongo siku moja. Mimi nachechemea, yeye anapaa. Hapa pana jambo."

Bingwa alijibu kwamba mwenye wivu ajinyonge, au akunje goti. Mwenyekiti aliomba lugha ya staha. Katibu anaona lugha ilifaa, ila haikusaidia.

Ili kumaliza ubishi, Mtaalamu aliomba wote wawili wakalie viti vya plastiki na kurudisha kisigino chini ya kiti. Kisigino cha Dereva kilirudi. Mguu wa Bingwa ulibaki umenyooka mbele kama mpini wa jembe. Ilibainika kwamba kile kiti kirefu, ambacho mtu hukikalia bila kukunja goti sana, kilikuwa kinamsitiri.

KUMB. NA. 3/6: MAELEZO YA BINGWA
Bingwa alianza kwa kulaumu kiti. Kisha alieleza kwamba goti jipya lilivimba na mkanda ulimbana, hivyo simu ameifunga siku zote kwenye mguu wa kushoto, ulio mzima. Alisema, "Nilidhani mzima akifanya kazi, mgonjwa ataiga. Na simu haikukataa! Kila nikikunja inaniambia, 'Hongera, bingwa.' Mimi nimewashonea watu nguo za kupongezewa maisha yangu yote. Nani aliwahi kunipongeza mimi?"

Dereva alicheka. Alipoona hakuna anayemuunga mkono, aliacha.

Mtaalamu alieleza kwamba simu haina kosa. Huhesabu mguu iliopewa. Lakini daktari wa upasuaji ameshasema: kliniki ya mwezi ujao goti lisipokunjika kama la mtu aliyeketi, Bingwa atarudishwa wodini, apewe dawa ya usingizi, lipindwe kwa nguvu. Bingwa alisema hilo analijua, na anaogopa. Cherehani yake ni ya kukanyaga. "Goti likigoma," alisema, "kazi yangu itakuwa kukaa mlangoni kutazama wapita njia."

KUMB. NA. 4/6: MAAZIMIO
Iliazimiwa programu iendelee, kwa kuwa bila hiyo nusu ya kamati ingekuwa bado kitandani. Alama za ushindani zifutwe. Kila mjumbe awe na mwenzake wa kumpigia simu ya video wakati wa mazoezi, kwa simu ya mtu wa nyumbani, ili goti lionekane kwa macho.

Mwenyekiti aliuliza nani atakuwa na Bingwa. Dereva akasema, "Mimi. Mwingine atamwonea huruma." Bingwa alisema heri kupindwa na daktari. Azimio lilipitishwa hivyo hivyo.

KUMB. NA. 5/6: MENGINEYO
Mtaalamu alishauri waanze papo hapo. Bingwa alifunga simu mguu wa kulia, Dereva akavuta kiti mbele yake. Kisigino kilirudi kidogo sana, na Bingwa akatoa ukelele uliomfanya muuza dawa aje kuchungulia. Katibu, ambaye maumivu hayo anayajua, alishindwa kuandika kwa muda. Mtaalamu alipima na kusema goti halijaganda. Kwa bidii ya kila siku litafika kabla ya kliniki.

Bingwa alisema hawezi tena, akaanza kulia. Mwenyekiti alipendekeza apumzike. Dereva alikataa, akamshika mkono, akamwambia, "Lia, dada yangu. Lakini kunja."

Alilia, akakunja.

Kikao kiliahirishwa saa 4:45 asubuhi, wajumbe wote wakiwa wamesimama.

............................ Mwenyekiti
............................ Katibu