Baba, Bado Niko Msibani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeizoea marahaba yako, ile iliyokuwa inaanza kabla sijamaliza kusalimia. Naacha nafasi hapa ipite.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kihangaza chetu najua kukisema tu, kukiandika sikufundishwa. Tena Kiswahili wewe mwenyewe ulikiita lugha ya watu wa ofisini, na ulikuwa ukilisema hilo kwa sauti kubwa majirani wakiwepo, ili waulize mtu wa ofisini ni nani.

Unakumbuka siku niliyokuja Kasulo kukueleza kwamba chama cha akiba na mikopo cha Biharamulo kimenichukua kwenye mpango wa uanagenzi? Nilijua hamtaelewa. Shangazi aliuliza kama nimefeli chuo hadi nitafutiwe kazi. Nikaeleza upya: mchana napitia maombi ya mikopo ya wakulima na wafugaji, jioni na Jumamosi nasoma uchumi, mwajiri analipa ada, chuo kinahesabu kazi yangu kuwa sehemu ya masomo, na mwisho napata shahada kamili. Shangazi akaniangalia kwa huruma. Wewe ulikuwa umekaa barazani unakwangua saruji iliyogandia kwenye mwiko wako wa kujengea. Hukuinua hata kichwa.

"Si saidia fundi huyo," ukasema. "Anachanganya zege huku anaangalia mkono wa fundi. Mimi nimesoma hivyohivyo, ila mimi cheti hawakunipa."

Jambo likaishia hapo. Tangu siku hiyo jina langu likawa Saidia Fundi, kwenye simu, sokoni, hadi mbele ya padri baada ya misa. Nilijifanya linaniudhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa saidia fundi wako zamani sana, tangu Mama alipotutoka nikiwa mdogo na ukawa huna pa kuniacha. Ulikwenda nami kwenye kazi zako zote. Nilikuchotea maji ya kulowanisha tofali, na nikichoka ulinilaza kwenye mifuko mitupu ya saruji, chini ya kivuli cha ukuta uliokuwa unaujenga. Nilikuwa nikiamka, naukuta ukuta umekuwa mrefu kuliko nilivyouacha.

Halafu ukaja mwaka huu wa mwisho, nikatakiwa kufanya utafiti unaotokana na kazi yangu. Nilikuwa nimeona kwamba wanachama wetu wengi, wa Nyamahanga na hata wa kwetu, huchelewa kupanda pakitokea kifo, maana msiba ukiwepo hakuna mwanafamilia anayeshika jembe. Nikachagua hilo: siku za kazi zinazopotea kwa sababu ya misiba. Msimamizi wangu ofisini alifurahi, mwalimu wangu chuoni akafurahi zaidi. Nikakupigia simu kukusomea jedwali langu.

"Na kulia umekuweka safu gani?" ukauliza.

"Hakuna safu ya kulia, Baba."

"Aa. Basi mimi nikifa usinilie. Utaharibu hesabu zako."

Tulicheka wote wawili, wewe ukacheka mpaka ukakohoa, ukaniambia salio linakwisha. Ulikuwa unatania, Baba, najua. Hukujua kama mimi ni mtiifu kiasi hiki.

Simu ya msiba ilinikuta mezani, nimeshika fomu ya mtu anayetaka mkopo wa pampu ya maji. Nakumbuka nilimalizia kuipitia. Nikasaini, nikaipeleka kwa mwenzangu, ndipo nikamwambia msimamizi kwamba baba yangu amefariki. Alishtuka kuliko mimi.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Kila mtu alisifu jinsi nilivyojikaza. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimesimama tu, naangalia udongo, nawaza kwamba kaburi limejengewa vibaya upande wa kushoto na kwamba wewe usingeipokea kazi hiyo. Ruhusa yangu ikaisha kabla msiba haujaisha, nikaondoka. Shangazi alinisindikiza hadi barabarani.

Tangu hapo niko hivi. Nakula, sijui nimekula nini. Watu wakinipa pole najibu "tumeshapoa," na nalisema vizuri, kwa sauti ileile ninayotumia kuwaambia wateja kwamba mtandao umekatika. Kazi za ofisini zinakwenda. Kilichokataa ni utafiti. Nafungua lile jedwali, nalitazama, nalifunga. Nasoma neno msiba, na kwangu ni kama nimesoma mahindi. Msimamizi ameshaniita mara mbili. Nisipowasilisha, shahada inapotea na nafasi ya kazi inakwenda nayo, ndivyo mkataba unavyosema. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikarudi kukaa. Hata woga haukuja, Baba. Hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Wiki iliyopita Shangazi akapiga simu. Hakunisalimia.

"Wewe, jembe rako riko hapa ukutani," akasema. Ulivyokuwa ukimcheka kwa hizo "r" zake! "Siku ya kutoka msibani tulirima wote, tukanawa, tukatawanyika. Ra kwako hatukurigusa. Sasa nasikia wewe unafanya kazi huko. Unafanyaje kazi na bado uko msibani?"

"Shangazi, mimi kazi yangu si ya jembe."

"Nimekuuriza kazi yako ni ya nini? Njoo Ijumaa."

Nikaomba ruhusa. Kwenye basi, kuanzia Nyakahura hadi nyumbani, nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza kwamba mimi nakuja kutimiza desturi tu.

Nilidhani nitamkuta peke yake. Nilikuta majirani, Baba. Mvua zimeshaanza, maharage yanawasubiri, na wao msiba wako walishautoka, lakini walikuwa wamekaa kwenye ile baraza yako na majembe yao. Mazoea ni kitu kibaya: kabla sijawasalimia nilishaanza kuhesabu kichwani hiyo asubuhi yao wote pamoja ni hasara kiasi gani.

Walikuwa wameniachia kipande kando ya migomba, pasipolimwa. Shangazi akanipa jembe. Nikalima, nao wakalima pembeni yangu, bila wimbo wala maneno mengi. Mkono wangu umezoea kalamu, viganja vikatoka malengelenge upesi, nayo yakapasuka. Niliyaona yamepasuka. Sikusikia kitu. Kipande kikaisha, nikasimama, nikiwa vilevile.

Kilichobaki kilikuwa kunawa. Shangazi akachota maji kwa lile kopo lako la bati, lile nililokuwa nikilowanishia tofali, akanimiminia mikononi.

Yaliniuma, Baba. Yaliniuma mpaka mabegani. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Baba! Baba, maji yanauma!" kama mtoto, na ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Nikakaa chini palepale kwenye udongo niliotoka kuulima, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilitaka mtu atoke kwenye kivuli cha ukuta aje aniangalie viganja.

Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Majirani walikuwa wameshaweka majembe begani waende mashambani kwao. Wakayashusha tena, mmoja mmoja, wakakaa. Jua likapanda. Mawingu yakakusanyika upande wa Burundi na kila mtu aliyaona. Hakuna aliyenyanyuka mpaka nilipomaliza.

Nimerudi Biharamulo. Viganja bado vinauma nikigusa kitu, na navigusa makusudi. Sijapona, sitaki kukudanganya. Siku nyingi bado ni zilezile, za kujibu tumeshapoa. Lakini jana jioni nililifungua jedwali na sikulifunga. Nimeongeza safu moja, iko tupu, sijui nitaiita nini wala mwalimu atasemaje. Nitaiwasilisha hivyohivyo.

Nisamehe, Baba. Nimekulilia. Hesabu zimeharibika.

Mwanao,
Saidia Fundi