Madaftari ya Wakunga na Tuzo Isiyo Yangu

Jumatatu, 6 Mei

Inatangazwa rasmi, kwa wote wanaohusika — yaani mimi — kwamba leo saa tatu na dakika kumi asubuhi ngazi fupi ya ghala la nyaraka, iliyokuwa ikichechemea tangu mwaka juzi, imetiwa mguu mpya. Mguu umepimwa. Mguu umesimama. Nimepanda mpaka kidato cha tatu nikashuka mzima, na fundi wetu wa majalada, tunayemwita Gundi, akanipigia saluti.

Ingebaki kuwa habari kubwa ya siku. Saa nne Mkuu akatuita ofisini kwake sote watano, barua mkononi. Chama cha wanahistoria kimeanzisha tuzo kwa watu wanaotunza na kutetea kumbukumbu za kale. Mshindi wa kwanza kabisa anatoka hapa kwetu! Nikaweka kola sawa. Sikukusudia — mkono ulikwenda wenyewe. Miaka ishirini na sita katika jengo hili, ni nani mwingine?

Mwingine ni Madam Glavu.

Tunamwita hivyo kwa sababu ya glavu zake nyeupe za pamba. Anazivaa hata akifungua pakiti ya biskuti. (Karatasi ya kale hushikwa kwa mikono mitupu, iliyooshwa na kukaushwa. Nimemwambia mara mia. Anacheka.) Amepewa tuzo kwa ajili ya madaftari ya wakunga: madaftari arobaini na moja ya hospitali ya uzazi iliyofungwa zamani, kila mtoto na mama yake, kila saa ya kuzaliwa. Watu zaidi ya mia tatu wasiokuwa na cheti chochote wamejikuta humo, wakapata haki zao.

Nilipiga makofi. Nilipiga sana, nikawa wa mwisho kuacha, mpaka Gundi akaninong'oneza, "Bwana Penseli, utachubuka."

Bwana Penseli ni mimi. Ndiye anayewanyang'anya wasomaji kalamu za wino mlangoni na kuwapa penseli. Kazi hiyo haina tuzo.


Jumanne, 7 Mei

Nimelala vibaya. Roho inaniuma, na niandike wazi kwa kuwa hakuna anayesoma humu: ni kijicho. Kijicho cha mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mwenye mvi na mapacha chuo kikuu.

Mke wangu anafundisha hesabu, kwa hiyo huruma yake inakuja ikiwa imepigiwa mstari chini. Akauliza: "Baba Pacha, kwani kulikuwa na fomu, ukajaza?" Hapana. "Basi hujanyimwa kitu." Kisha akataka kujua kama nitakula au nitaendelea kununa, maana chakula kinapoa na mimi sipoi.

Lakini nimekumbuka jambo! Siku madaftari yale yalipoletwa kwa lori, miaka kumi na moja iliyopita, nani aliyapokea? Mimi. Nani aliyabeba kwa mgongo wake mpaka ghorofa ya pili, lifti ikiwa mbovu? Mimi. Madam Glavu alikuwa mgeni kazini, hata fundo la kufungia boksi hajui, nikamfundisha. Hayo yote barua haikuyataja. Mgongo wangu nao haukutajwa.


Alhamisi, 9 Mei

Haya sasa. Mkuu ananiita, sura ya kubembeleza. Sherehe ni Ijumaa ijayo. Lazima mtu aandike sifa za mshindi, ukurasa mmoja, azisome jukwaani. "Wewe ndiye uliyemfundisha kazi. Na kuandika unajua."

"Hewala, Mkuu." Nilijikaza kisabuni mpaka nikatoka mlangoni.

Jioni nikaandika. Nakala ya kwanza: nusu ukurasa ulinihusu mimi. Nikachana. Ya pili nikaanza na waasisi wa fani yetu, nikashuka taratibu kwa "waliomtangulia kazini". Mke wangu akasoma akiwa amesimama, kama anasahihisha mtihani. "Mbona mshindi haingii mpaka aya ya tatu?" Nikamwambia ndiyo mtindo wa kisasa. "Ah. Na huyu 'mtumishi mmoja mwadilifu, mwembamba' aliyeyapokea madaftari ni nani? Mwembamba!"

Nakala ya tatu imenyooka. Ina sifa zote anazostahili, na kila moja nimeiandika kama mtu anayeng'oa msumari. Nimeacha sentensi moja tu ya kwangu: kwamba madaftari yalipokelewa na fulani, tarehe fulani. Ni ukweli wa kihistoria. Nikiupata kwa ushahidi, nani atanilaumu?


Jumamosi, 11 Mei

Madam Glavu redioni, kipindi chake cha kila wiki. Anawafundisha watu wasiweke vyeti ndani ya mifuko ya nailoni chini ya godoro. Akapiga simu mzee mmoja mstaafu. Maisha yake yote hakujua jina la mama yake mzazi. Alilikuta kwenye daftari la kumi na mbili, kwa mwandiko wa mkunga. Akawa anashukuru, anakwama, anaanza upya.

Nikasema mitambo ya redio ile mibovu sana.

"Nyamaza, Baba Pacha. Nasikiliza."


Jumatatu, 13 Mei

Sijui nianze wapi.

Asubuhi nilikwenda kwenye kabati la mafaili yetu wenyewe, yale ambayo hakuna msomaji anayeyaomba. Faili la mapokezi, mwaka ule na uliofuata. Risiti ipo! Madaftari arobaini na moja, hali: yameliwa na mchwa, yamepokelewa na — sahihi yangu, ile ya zamani yenye mkia mrefu. Nikatabasamu peke yangu mle ndani kama mpumbavu.

Nikageuza ukurasa. Sina sababu. Ni mazoea tu ya kazi.

Karatasi inayofuata ni orodha ya kuteketeza, miezi kumi na minne baadaye. Vitu ishirini na viwili vya kuchomwa ili rafu zipatikane. Namba kumi na saba: "Madaftari ya wakunga, 41. Yameharibika. Hayana thamani ya kudumu." Chini, sahihi. Mkia mrefu.

Yangu.

Nimekaa kwenye ngazi. Nimekumbuka — ilikuwa Ijumaa, lori la kwenda kuchoma lilikuwa linasubiri nje, dereva anapiga honi. Nilifungua daftari la juu tu. La juu lilikuwa ungaunga, mchwa walishalimaliza. Nikaandika. Mimi! Mimi ninayewaimbia wanafunzi wanaokuja mafunzoni kila mwaka: fungua la juu, fungua la kati, fungua la chini, ndipo useme. Mchwa huanzia juu au chini. Katikati mara nyingi pamesalimika. Nilijua. Nilikuwa na haraka.

Pembeni mwa namba kumi na saba kuna mwandiko wa penseli, mdogo: "Haya nimeyatoa kwenye rundo. Nitayasafisha mwenyewe baada ya saa za kazi." Herufi mbili za jina la Madam Glavu na tarehe. Hakuna zaidi. Hakuna alama ya mshangao, hakuna kijembe.

Miaka karibu kumi. Hajaniambia. Hajamwambia Mkuu. Hata siku ile niliyomfokea mbele ya Gundi kuhusu glavu hakusema.

Kisha nikafanya jambo. Niliichomoa karatasi ile, nikaikunja mara mbili — nikaikunja! — nikaitia mfuko wa shati. Nikapita mbele ya meza ninayokagulia wasomaji, nikarudi nyumbani nayo.


Jumanne, 14 Mei

Karatasi ipo ndani ya kamusi, droo ya chini. Nimeikagua mara tatu.

Mchana Madam Glavu akaja mezani kwangu. "Kaka, umeandika nini juu yangu? Usinivishe kilemba cha ukoka mbele za watu, nitacheka jukwaani." Nikamwambia asubiri. Akasema Mkuu anataka kabati la maonyesho pale mapokezi baada ya sherehe, na yeye ameshachagua kitu cha katikati: risiti ya siku madaftari yalipoingia. "Ile yenye sahihi yako, Kaka. Watu wanadhani nilianza mimi. Waone aliyeyabeba."

Afadhali angenitukana. Nisipoona ubaya wowote kwake, huu wivu niuweke wapi?

Nikasema faili halionekani. Limehamishwa, labda. Nitalitafuta.

"Wewe? Faili likupotee wewe?" Akaguna, akaenda zake. Gundi alikuwa anapaka gamu mgongo wa daftari, hakuinua kichwa. "Bwana Penseli anazeeka," akasema. Kisha, baadaye kidogo, "Au anaumwa."

Sentensi yangu nimeifuta kwenye hotuba.


Ijumaa, 17 Mei

Sherehe imepita. Nimesoma, watu wamependa. Nimechoka.


Jumatatu, 20 Mei

Naandika kazini, chumba cha kusomea, hakuna wasomaji. Nina nusu saa, pengine chini ya hapo.

Ya Ijumaa niliandika sentensi tatu, zote za kweli, na zote za kukwepa. Ilivyokuwa hasa ni hivi.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu alikuwa safu ya pili. Nilisoma vizuri, sauti haikutetemeka, na nilipofika pale kwenye watu mia tatu waliojikuta madaftarini, nikaona wengi wao wako pale pale, wamevaa vizuri, wanafuta macho. Madam Glavu akapanda, akapewa ngao yake. Mikono mitupu — nilitazama. Mshereheshaji akamuuliza yote yalianzaje. Naye akanyoosha mkono kwangu. "Kaka yangu huyu ndiye aliyeyapokea. Aliyabeba mgongoni ghorofa mbili. Kama si yeye, mimi ningekuta nini?"

Watu wakasimama. Kwa ajili yangu! Yule mzee wa redioni, nilimtambua kwa sauti, akaja mpaka jukwaani akanishika mikono yote miwili. Angalia, ningeweza kuinama tu na kunyamaza. Hakuna aliyenidai neno. Mshereheshaji alinipa maiki kwa heshima tu.

Nikaishika. Nikasema: "Mara tu nilipoyaona madaftari yale, nilijua thamani yake."

Hayo ndiyo maneno. Sijapunguza wala sijaongeza. Nilikuwa na njaa ya makofi kwa miaka ishirini na sita, yakaja yote kwa mpigo, nikayalipia kwa uongo. Yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alinitazama — si kwa hasira, ningejua la kufanya na hasira — kisha akapiga makofi pamoja na wengine.

Njiani mke wangu akasema nilipendeza. Kisha akasema, "Ile sentensi ya mwisho haikuwa kwenye karatasi yako." Nikasema ilikuja tu. Akatazama dirishani.

Leo asubuhi Mkuu kaja na furaha zake. Sherehe yote imerekodiwa, picha na sauti, na chama kimetukabidhi tuitunze. Hifadhi ya kudumu. Mimi ndiye niliyepewa fomu ya mapokezi niijaze. Nimejaza! Uongo wangu una namba ya rafu sasa. Miaka mia ijayo mtafiti atakuja, atapewa penseli mlangoni, atanisikia nikisema vile, na ataniamini, kwa sababu hakutakuwa na karatasi ya kunipinga.

Saa tano nilikwenda nyumbani. Mke wangu alikuwa shuleni. Nikaitoa karatasi kwenye kamusi, nikarudi nayo kwa mlango wa mbele.

Tuna utaratibu. Waraka ukitoka kwenye faili lake, au ukiharibiwa mikononi mwetu, huambatanishwa kipande cha taarifa: nani aliutoa, lini, kwa sababu gani, ulirudi katika hali gani. Nimejaza mamia ya vipande hivyo kwa ajili ya makosa ya wengine. Nikachukua kimoja, nikakaa.

Nani: jina langu, kamili. Lini: 13 Mei mpaka 20 Mei. Hali: imekunjwa mara mbili, mikunjo haitatoka.

Sababu. Nikaandika "Ukaguzi". Nikafuta. Nikaandika "Makosa". Nikafuta hilo pia, mpaka kipande kikaanza kulegea mahali pale. Kisha nikaandika: "Wivu. Orodha hii nilitia sahihi mimi bila kufungua daftari la kati. Aliyeyaokoa ni aliyeandika kwa penseli pembeni. Niliyosema kwenye sherehe ya 17 Mei si kweli, ona rekodi." Nikaweka namba ya rafu. Nikairudisha karatasi mahali pake, nyuma ya risiti, na kipande juu yake.

Kisha nikamwita. "Madam, faili limeonekana."

Yuko meza ya pili sasa hivi, dirishani. Amefungua kamba — fundo lile nililomfundisha — ameiweka pembeni vizuri. Gundi kaja kuchungulia begani kwake. Wameikuta risiti. Anacheka, anamwonyesha: "Tazama mkia wa hii sahihi, kama wa panya!" Gundi anasema nilikuwa na makeke ujanani. Ananigeukia, anauliza kama nataka iwekwe kwenye fremu ya mbao au ya kioo kitupu.

Nimesema yoyote.

Sasa anaiinua risiti aitoe. Chini yake ndipo kilipo kipande changu.