Mlango Uliofunguliwa Morogoro

Kaka Mrisho, shikamoo. Hapa London mvua ni rasharasha tu, hainyeshi wala haiachi.

Jana kwenye ukumbi mdogo wa sinema, Peckham, nilimwona yule Mmarekani aliyetengeneza ile filamu uliyokuwa ukiitafsiri kwenye banda letu la video kule Morogoro. Kumbe ni mzee, sweta limetoboka kiwiko. Maisha yake yote ametengeneza filamu bila kampuni kubwa. Ile ilikuwa ya kwanza, aliipigia nyumbani kwao, na mama yake mzazi ndiye aliyeigiza kama mama.

Nilimweleza kwamba filamu yake inaishia kijana akigonga mlango, lakini wewe uliongeza kwenye kipaza sauti, "Mama akafungua, akasema, ingia ule," maana bila hivyo watu waligoma kutoka.

Nilidhani atakasirika. Akasema, "Ndivyo nilivyoandika. Mkanda wa kamera uliisha kabla mama hajafika mlangoni. Nilipopata mkanda mwingine, mama alikuwa ameshafariki."

Kisha akaniomba niseme maneno yale kwa Kiswahili, vilevile unavyoyasema wewe. Nikayasema mara mbili.

Msalimie wifi, na uitunze sauti hiyo.

Mdogo wako, Zuhura