Ng'ambo Bila Maji

Jumatano, 2 Agosti 2006. Kitale

Nimefungua saiba, nimefagia, nimewasha mashine. Mvua tangu asubuhi. Wateja wachache wa barua pepe na mwalimu mmoja anayetaka kuchapiwa mtihani, tena kwa haraka kana kwamba ni wa jana.

Mwenye saiba bado amekataza michezo. Ati vijana wanavunja kibodi. Kwa hivyo mji wangu, ule wa mchezo, umo ndani ya CD, na CD imo chini ya godoro. Mji mzima nalala juu yake.

Mchana nilisinzia kwenye kaunta nikauona. Taa za barabarani zinawaka, moja, halafu nyingine, kuteremka mpaka mtoni. Mteja akagonga meza. Nilimchukia kabisa.

Alhamisi, 3 Agosti

Wanjala amepata kazi Juba. Kakangu wa pekee. Ni fundi wa televisheni Bungoma. Huko Juba atafunga madishi. Anaondoka Jumapili, tarehe ishirini. Ameniambia kwa simu kana kwamba anaenda dukani.

Kisha akasema anataka kuiona Ng'ambo kabla hajaenda. Mara moja tu.

Ng'ambo tuliijenga pamoja, kwenye mchezo wa kujenga miji, wakati alipokuwa akiishi hapa Kitale. Kuna soko, kuna shule, kuna daraja. Na ukivuka daraja, kuna boma la Baba, vile lilivyokuwa Tongaren kabla shamba halijauzwa. Paa jekundu. Mikaratusi. Mto nyuma. Kule Tongaren sasa ni mahindi ya mtu mwingine mpaka pale mlango ulipokuwa. Baba mwenyewe tulimzika miaka mitatu iliyopita. Boma lake limebaki kwenye CD peke yake.

Nitaunda kompyuta. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama imefika. Wenzangu wananunua makabati, na wacha wanunue.

Jumamosi, 5 Agosti

Kwa Baraza, nyuma ya soko. Anauza kompyuta za mtumba, nzima na vipande.

Nimejifunza kwamba huwezi kuokota tu chochote. Prosesa hii haikai kwenye madabodi ile, ubao mkuu unaobeba kila kitu. RAM, kijiti cha kumbukumbu, ina pengo dogo chini, na pengo lisipolingana, haiingii hata ukiisihi. Ni kama kupanga harusi. Lazima uulize kwanza kila upande unatoka wapi.

Nimechukua madabodi iliyotumika, na prosesa inayokubaliana nayo. Nzuri jamani. Ya kijani, na njia za shaba zimepita kila mahali, kama mji unaoutazama ukiwa juu ya mlima. Nilisimama nayo mlangoni kwenye mwanga.

"Sasa wewe unanunua ama unaiombea?" Baraza akauliza.

Nimenunua.

Jumanne, 8 Agosti

Kiminini, kuchukua kesi tupu, kasha la kompyuta, kwa mama mmoja mwenye duka. Alikuwa anaweka mayai ndani. Ina harufu kidogo. Nimeipangusa na maji ya ndimu.

RAM, diski, kiendeshi cha CD na pawa saplai, ile inayogawa umeme, nimepata kwa Baraza. Amenionya nisichukue pawa saplai dhaifu, maana kadi ya picha inakula umeme.

Kadi ndiyo imebaki. Bila kadi mchezo utafunguka, lakini hautakuwa na maji, wala miti, wala taa. Wanjala amesema niache, hiyo ni zawadi yake kabla ya safari. Nimemtumia ujumbe: iwe na kumbukumbu ya MB 128, iwe na feni, isiwe na kutu.

Jumapili, 13 Agosti

Sikusikia mahubiri hata kidogo. Nilikuwa natembea Ng'ambo. Nimevuka daraja, nimepita shule, nimefika langoni. Kwaya ilipoimba nilisimama nimechelewa na mama wa mbele akageuka kunitazama.

Wanjala ameandika: "Nimepata. Ni kali, bado iko kwa boksi."

Nina furaha mpaka najiogopa.

Ijumaa, 18 Agosti. Bungoma

Nimefika na kesi kwenye gunia, vipande vyote vimefungwa ndani. Barabara zote zimejaa vijana na njuga zao, wanacheza, wanaenda kuwaita wajomba kwenye sherehe zao. Mavumbi, nyimbo, matawi ya miti. Nilitabasamu kama mgeni.

Wanjala alikuwa na monita tayari mezani. Amekonda. Nimemwambia, akasema ni mimi nimenenepa.

Kadi imekataa kuingia.

Tuliigeuza. Tulipuliza vumbi. Wanjala akaisukuma kidogo, nikamshika mkono. Kisha tukaangalia vizuri. Sloti ya madabodi yangu, lile tundu la kadi, ni ya AGP, ile ya zamani, ya kahawia. Kadi ni ya aina mpya. Meno yake yamekaa kwingine kabisa.

Nilitaja kumbukumbu. Nikataja feni. Nikataja hata kutu. Sloti sikuitaja. Naye alipofika dukani akauliza iliyo bora zaidi, kwa sababu ni ya dadake.

Nimelia. Kwa hasira, si kwa huzuni. Wanjala amekaa akiishika kadi kwenye kiganja, akiigeuzageuza. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 19 Agosti

Asubuhi mbio dukani kubadilisha. Kufuli. Kufuli kubwa, na mlango umefagiliwa vizuri kama wa mtu aliyeaga.

Mama anayeuza mboga pembeni akatucheka. "Ameenda kwao Malakisi kutahirisha kijana wake. Atarudi mwisho wa mwezi. Si nyinyi ni Wabukusu? Hamkujua huu ni mwaka wa tohara?"

Tulijua. Njuga zilitupita jana mchana kutwa. Wanjala mwenyewe alipelekwa mtoni kwa tohara yake Agosti kama hii, na mimi nilikuwa nimebeba maji ya kutengenezea pombe. Watoto wa Tongaren wazima, tumepanga kununua na kubadilisha vitu Bungoma katikati ya msimu. Wanjala akaanza kucheka, nikashindwa kujizuia. Tulicheka hapo mpaka yule mama akatupa sukuma wiki ya bure, nafikiri kwa huruma.

Maduka mengine yana simu tu na redio.

Alasiri Wanjala akasema tuchomeke monita kwenye madabodi yenyewe. Tuone kitakachoonekana.

Ng'ambo ilifunguka.

Yote kijivu. Nyumba ni maboksi. Mto ni mfereji mkavu. Mikaratusi haipo, taa hazipo, na paa la Baba ni la kijivu kama mengine. Nilitaka kuizima. Miezi yote ile naota mji, halafu ninamwonyesha kakangu saruji.

Wanjala akavuta stuli karibu. Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa si ni mti wa kwanza, ule ulipigwa na radi?" Kidole kikasogea. "Hapa ng'ombe wanakunywa maji. Hapa wewe uliteleza ukapoteza kiatu."

"Kiatu ulikirusha wewe," nikamwambia.

"Kilikuwa kibaya bana."

Tulienda hivyo, boksi kwa boksi. Alikumbuka hata kamba ya nguo. Alikumbuka jinsi basi lilikuwa halifiki kwetu, na Baba alikuwa anatembea mpaka barabara kubwa kutungoja tukifunga shule, hata kwa mvua, na koti kichwani. Kuna wakati niliacha kutazama kioo. Nilikuwa natazama kidole.

Mwishoni akachukua mausi, akabofyabofya pale nje ya lango la Baba. Kikatokea kiboksi kidogo cha kijivu kando ya barabara.

"Umejenga choo barabarani?"

"Tulia. Utaona siku ukipata kadi."

Akahifadhi, akazima.

Jumapili, 20 Agosti

Ameondoka. Begi moja na mkoba wa vyombo vyake vya kazi. Monita ameniachia.

Sikulia stendi. Nimelia Kitale, nikifungua gunia.

Jumatatu, 28 Agosti. Kitale

Wateja wengi. Printa imekwama. Hakuna ujumbe kutoka Juba. Wanasema simu huko ni za shida. Nachukia neno "huko".

Kompyuta iko mezani nyumbani. Siiwashi. Kijivu kile nilikiweza kwa sababu alikuwa anakisimulia.

Jumatano, 6 Septemba

Mwenye duka la Bungoma alirudi kutoka Malakisi. Kijana wake amepona vizuri, amesema, ingawa sikuuliza. Kadi ya Wanjala nilimtumia kwa dereva wa matatu, na kwa simu amekubali kubadilisha. Nikamwambia AGP, nikarudia, nikamwambia ya kahawia. Kifurushi kimefika jioni kwa dereva.

Sijakifungua. Naogopa kidogo.

Jumapili, 10 Septemba

Jua baada ya kanisa. Nimeiweka kadi. Imeingia yenyewe, kwa sauti ndogo, *tik*.

Maji yapo. Yanatembea. Mikaratusi ipo, na kivuli chake kimelala juu ya paa jekundu. Nilikaa kwa muda bila kugusa kitu, mikono magotini.

Kisha nikavuka daraja mpaka langoni.

Si choo. Ni stendi ya basi. Ina kipaa cha bluu, benchi, na taa yake. Wanjala ameiweka pale pale nje ya lango la Baba, mahali ambapo basi halikufika maisha yote ya Baba.

Nikangoja. Basi likaja, dogo, la njano. Likasimama. Watu wakapanda, likaondoka. Likaja lingine. Kuna mtu mmoja hapandi. Amesimama chini ya kipaa, anatazama barabara.

Najua ni mchezo tu unaoweka watu popote.

Nimemwacha hapo, kompyuta ikiwaka, nikaenda kusonga ugali.